Langalanga Haina Dirisha la Usajili

Kila mwaka, mbio za mwisho zikishamalizika Abu Dhabi, tetesi za madereva wa Formula 1 hupamba moto. Huyu anakwenda Ferrari, yule kaonyeshwa mlango, mwingine kaonekana kiwandani kwa wapinzani. Wengi huzisoma kwa macho ya soka, kwa sababu huko ndiko walikojifunzia kusoma tetesi, na hapo ndipo wanapopotea. Soka lina klabu chungu nzima, dirisha la usajili lenye tarehe ya kufunguliwa na kufungwa, na ada inayolipwa klabu kwa klabu. Langalanga, yaani hiyo Formula 1, ilikuwa na viti 20 tu kwa dunia nzima hadi mwaka 2025. Cadillac ilipoingia kama timu ya 11 mwaka 2026 vikawa 22. Dirisha hakuna. Kinachoamua ni mkataba: unaisha mwaka gani, una vipengele gani vya kutokea, na nani mwenye haki ya kuvitumia kabla ya tarehe ipi.

Chukua habari iliyowashtua watu wengi kuliko zote miaka ya karibuni. Agosti 2023 Mercedes ilitangaza kwamba Lewis Hamilton ameongeza mkataba hadi mwisho wa 2025. Tarehe 1 Februari 2024, kabla hata msimu mpya haujaanza, ikatangazwa kwamba ataendesha Ferrari kuanzia 2025. Hakuna aliyevunja chochote. Mkataba wa Agosti ulikuwa na kipengele kinachomruhusu dereva kuondoka baada ya mwaka wa kwanza, naye akakitumia. Mercedes wenyewe walisema hivyo kwenye tamko lao. Waliosoma "hadi 2025" walidhani ni miaka miwili kamili, kumbe ulikuwa mwaka mmoja na mlango.

Milango ya namna hiyo ni ya aina tatu hivi. Kuna hiari ya timu: timu ina haki ya kumbakiza dereva mwaka unaofuata, mradi imjulishe kabla ya tarehe iliyoandikwa. Tarehe ikipita kimya, dereva yuko huru. Kuna hiari ya dereva, kama ile ya Hamilton. Halafu kuna kipengele cha kiwango, ambacho ndicho chanzo cha tetesi nyingi za katikati ya mwaka: dereva akiwa chini ya nafasi fulani kwenye msimamo kufikia siku fulani, upande mmoja unaweza kujitoa. Max Verstappen ana mkataba na Red Bull hadi 2028, lakini kiangazi cha 2025 mkataba huo uliripotiwa sana kuwa na kipengele kinachomfungulia mlango iwapo angekuwa nje ya tatu bora wakati wa mapumziko ya Agosti. Alikuwa wa tatu. Tarehe 31 Julai, mjini Budapest, akasema mwenyewe kwamba 2026 yuko Red Bull, na miezi ya uvumi kuhusu Mercedes ikafa siku hiyohiyo.

Jambo jingine linaloifanya mikataba hii ilegee ni kanuni za fedha. Formula 1 ina kikomo cha matumizi kwa kila timu kwa mwaka, lakini mishahara ya madereva haimo ndani ya kikomo hicho. Kumlipa dereva ili aondoke kabla ya muda kunamuuma mwenye timu mfukoni, ila hakupunguzi hata senti moja ya fedha za kutengeneza gari. Ndiyo maana timu ikishaamua, mkataba uliobaki hauizuii kwa muda mrefu.

Mnyororo wa mwaka 2022

Ukitaka kuona jinsi kiti kimoja kinavyovuta vingine, mfano bora bado ni wa kiangazi cha 2022. Alhamisi ya tarehe 28 Julai, kabla ya mbio za Hungary, Sebastian Vettel alitangaza kwamba atastaafu mwisho wa msimu. Kiti cha Aston Martin kikawa wazi. Jumatatu iliyofuata, tarehe 1 Agosti, Aston Martin ikatangaza kumchukua Fernando Alonso kwa mkataba wa miaka kadhaa. Alonso alikuwa Alpine, akizungumza nao kuhusu mkataba mfupi zaidi. Mkuu wa Alpine wakati huo, Otmar Szafnauer, alikiri hadharani kwamba habari za uhakika alizipata kwenye taarifa ya wapinzani, kama shabiki yeyote.

Alpine haikuwa na hofu, kwa kuwa ilikuwa na kijana akibani: Oscar Piastri, bingwa wa 2021 wa Formula 2, daraja la chini ya Formula 1, na dereva wao wa akiba. Tarehe 2 Agosti ikatoa taarifa kwamba Piastri ndiye atakayeendesha 2023. Taarifa ile haikuwa na neno hata moja kutoka kwa dereva mwenyewe. Saa chache baadaye Piastri akaandika kwamba imetolewa bila ridhaa yake, na kwamba mwaka unaofuata hataendesha Alpine.

Hapa ndipo kinapoingia chombo ambacho mashabiki wengi hawajawahi kukisikia. Kuna bodi ya kutambua mikataba, yenye makao Geneva, iliyoundwa miaka ya mwanzo ya 1990 baada ya ugomvi wa 1991, pale Michael Schumacher alipokimbia mbio moja na timu ya Jordan kisha akahamia timu ya Benetton. Kila timu husajili mikataba yake ya madereva pale. Timu mbili zikidai dereva mmoja, wanasheria wa bodi wanakaa, wanaangalia nyaraka, wanaamua haraka ni mkataba upi wenye nguvu. Kazi yao ni kusema nani ana haki ya dereva. Nani amlipe nani fidia ni shauri la mahali pengine.

Kesi ya Piastri ilisikilizwa mwishoni mwa Agosti, na tarehe 2 Septemba uamuzi ukatoka: mkataba pekee unaotambuliwa ni ule kati yake na McLaren, wa tarehe 4 Julai 2022. Alichokuwa nacho Alpine ni karatasi ya makubaliano ya awali ya Novemba 2021, ambayo haikuwahi kugeuzwa kuwa mkataba kamili wa kuendesha. Timu yenye wafanyakazi mamia na gari la mabilioni ya shilingi ilikosa kukamilisha karatasi. Ikaamriwa pia ilipe gharama za kesi.

Angalia tarehe. McLaren ilisaini na Piastri tarehe 4 Julai, wakati viti vyake vyote viwili vilikuwa na watu, na Daniel Ricciardo alikuwa na mkataba hadi mwisho wa 2023. Ilikuwa inajiwekea akiba. Tarehe 24 Agosti ikatangaza kwamba imekubaliana na Ricciardo aondoke mapema, kwa malipo.

Mnyororo haukuishia hapo. Alpine, sasa ikiwa na kiti kitupu, ikamtaka Pierre Gasly. Gasly alikuwa na mkataba wa AlphaTauri, timu ndogo ya Red Bull, nao walikuwa tayari kumwachia kwa sharti moja: wapate mbadala kwanza. Walimtaka Mmarekani Colton Herta wa mbio za IndyCar. Herta hakuwa na pointi za kutosha za leseni, na FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ikakataa kulegeza kanuni kwa ajili yake. Katikati ya purukushani hiyo, Alex Albon wa Williams akapata ugonjwa wa kidole tumbo wikendi ya Monza. Nyck de Vries akaitwa ghafla, akamaliza wa 9 na kupata pointi katika mbio zake za kwanza kabisa. Jibu la Red Bull likawa limepatikana. Tarehe 8 Oktoba, Suzuka, Gasly akatangazwa Alpine na De Vries akatangazwa AlphaTauri, siku moja.

Hivyo tangazo la Vettel Alhamisi moja Budapest lilimaliza safari yake kwa Mholanzi aliyekuwa akisubiri kwenye timu tofauti kabisa. Asiyeufuata mnyororo kuanzia mwanzo angeona mambo manne yasiyohusiana. Tetesi ikikujia, swali la kwanza ni hili: kiti hicho kimeachwa na nani, na yeye anakwenda wapi? Tetesi isiyoweza kujibu sehemu ya pili mara nyingi ni maji ya moto yasiyochemka.

Leseni kabla ya pesa

Kisa cha Herta kinaonyesha kizuizi ambacho pesa haikiondoi. Kuendesha Formula 1 kunahitaji leseni kuu ya FIA, na leseni hiyo inahitaji pointi 40 zilizokusanywa kwenye mashindano ya chini katika misimu mitatu. Mtu anayemaliza katika tatu bora za Formula 2 anapata 40 kwa mkupuo. Bingwa wa Formula 3 anapata 30, bingwa wa IndyCar 40, lakini hadi 2025 wa tatu wa IndyCar alipata 20 tu, na kushuka kutoka hapo kulikuwa kwa kasi. Umri ni miaka 18, ingawa tangu 2024 FIA inaweza kumruhusu wa miaka 17 kwa sababu maalumu.

Kuna njia ya kukwangua pointi. Dereva akiendesha kipindi cha mazoezi cha Ijumaa, akafikisha kilomita 100 bila adhabu ya maana, anapata pointi 1. Logan Sargeant aliitumia mwaka uleule wa 2022. Williams ilitangaza pale Austin kwamba kiti cha 2023 ni chake iwapo tu atapata leseni, ikampa vipindi kadhaa vya Ijumaa, na mwishowe akamaliza wa 4 katika Formula 2, akavuka mstari.

Tahadhari hapa. Kumwona kijana ndani ya gari Ijumaa si ushahidi wa kusajiliwa. Tangu 2025 kila gari lazima litoe vipindi viwili kwa mwaka kwa dereva asiyezidi mbio mbili za Formula 1 maishani, yaani vipindi vinne kwa timu. Ni wajibu, na leseni ya mazoezi pekee ina masharti mepesi kuliko ile ya mbio. Wala ajali Ijumaa si ushahidi wa kukataliwa. Agosti 30, 2024, Kimi Antonelli alipewa Mercedes kwa mazoezi ya Monza. Dakika kumi hazikupita akaipigiza ukutani kwenye kona ya mwisho. Kesho yake Mercedes ikamtangaza kuwa mrithi wa Hamilton. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa zamani, kwenye majaribio ya faragha na magari ya miaka ya nyuma.

Majaribio hayo ya magari ya zamani ndiyo dalili ninayoiamini zaidi kuliko picha za Ijumaa. Kanuni zinaruhusu timu kumpa dereva gari la misimu iliyopita nje ya wikendi za mbio, na ni kazi ya gharama: mafundi, injini, matairi, uwanja wa kukodi. Timu haimpi mtu siku nyingi za namna hiyo kwa hisani.

Baridi inapovuruga

Kufikia Desemba viti vingi huwa vimefungwa. Ndiyo maana tetesi za mapumziko ya mwisho wa mwaka huhusu viti vichache, na zikiwa kweli huwa na kishindo. Desemba 2, 2016, siku tano tu baada ya kutwaa ubingwa, Nico Rosberg alitangaza kustaafu. Gari bora kuliko yote likakosa dereva wakati kila mtu wa maana ameshasaini. Mercedes ilimchukua Valtteri Bottas kutoka Williams, na kwa kuwa Williams ilihitaji mtu mwenye uzoefu, ikamrudisha Felipe Massa, aliyekuwa ameshaagwa kwa machozi Brazil wiki chache kabla. Mambo hayo yalikamilika katikati ya Januari 2017.

Red Bull ya 2024 ni funzo la upande mwingine. Juni 2024 ilimwongezea Sergio Pérez mkataba wa miaka miwili. Baada ya hapo matokeo yake yakaporomoka. Alimaliza wa 8 na pointi 152 wakati mwenzake Verstappen alikuwa bingwa na pointi 437, na timu ikashuka hadi nafasi ya tatu kwa timu. Desemba 18 wakaachana. Desemba 19 Liam Lawson akatangazwa. Lawson alikimbia mbio mbili. Australia alifuzu wa 18; China alifuzu wa mwisho mara mbili, kwenye mbio fupi na mbio kuu. Machi 27, 2025, kabla ya Japan, akarudishwa timu ndogo na Yuki Tsunoda akapandishwa. Naye hakuponyesha kidonda: Desemba 2025 kiti kikapewa Isack Hadjar kwa msimu wa 2026.

Watu hupenda kusema kiti hicho kimelaaniwa. Maelezo ya kawaida yanatosha. Gari lile liliendelezwa kufuata mikono ya Verstappen, ambaye hupenda sehemu ya mbele ishike sana hata kama nyuma inacheza, na dereva wa pili anakuja kujifunza gari kama hilo akiwa hana muda. Majaribio ya kabla ya msimu wa 2025 yalikuwa siku tatu tu kwa timu nzima, hivyo dereva alipata siku moja na nusu.

Kwa wanaofuatilia Safari Rally ya Naivasha, hali ni tofauti kidogo. Kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari za WRC kiti kinaweza kugawanywa: Sébastien Ogier alitwaa ubingwa wa 2025 bila kukimbia raundi zote. Formula 1 haigawi. Aliyekaa nje mwaka mzima yuko nje.

Kukaa kwenye gari la watu

Mkataba wa dereva kwa kawaida unakwisha Desemba 31, na mbio za mwisho ni mapema Desemba. Wiki ya mwisho huwa na jaribio Abu Dhabi, Jumanne baada ya mbio. Kumruhusu dereva anayeondoka aendeshe gari la timu mpya siku hiyo ni hiari ya timu ya zamani. Mwaka 2024 Carlos Sainz aliruhusiwa na Ferrari, akaendesha Williams. Hamilton hakuruhusiwa, gari jekundu la kwanza alilipanda Fiorano, uwanja wa Ferrari wenyewe, Januari 22, 2025, nalo lilikuwa la 2023. Esteban Ocon alifanya biashara ya ajabu zaidi: aliachia mbio za mwisho za Alpine, Jack Doohan akakimbia badala yake, ili yeye awe huru kuijaribu Haas Jumanne.

Siku hiyo moja ina thamani kwa sababu ya mambo madogo. Kiti, kwa mfano, hutengenezwa kwa mwili wa mtu mmoja. Mafundi wanaweka ndani ya chasi mfuko wenye punje za povu zilizochanganywa na gundi; dereva anakaa juu yake akiwa na ovaroli, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedeli, hewa inafyonzwa, na mchanganyiko unashika umbo la mgongo na nyonga. Ukikauka unatolewa, unakatwa kingo, unapigwa skani, ndipo kinatengenezwa kiti halisi cha kaboni, kinachofungwa kwa bolti zisizozidi mbili ili waokoaji wakitoe haraka. Kikikosewa kidogo, kiwiko kinagonga ukuta wa chasi usukani ukikata kona, au mguu unakufa ganzi baada ya mizunguko ishirini. Tangu 2025 dereva pamoja na kiti na vifaa vyake lazima wafikie kilo 82. Mwepesi anaongezewa uzito karibu na kiti.

George Russell alipoitwa kumbadili Hamilton kwenye mbio za Sakhir 2020, gari lilikuwa limejengwa kwa mtu mfupi kuliko yeye. Ilimbidi avae viatu vya saizi ndogo ili miguu ienee kwenye pedeli. Hamilton naye, alipofika Ferrari, alikuta breki za Brembo baada ya miaka mingi ya kutumia za kampuni nyingine, na mguu wake ukalazimika kujifunza upya ni wapi gari linaanza kushika. Ndiyo sababu mbio tatu nne za kwanza hazisemi mengi juu ya dereva aliyehama.

Kupima tetesi

Tetesi zina wenyewe. Meneja anayetaka nyongeza huvujisha kwamba timu nyingine imepiga simu. Timu inayotaka kumwamsha dereva huvujisha jina la kijana. Mdhamini anayetaka kuonekana huvujisha kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kusambaza, angalia kama mkataba wa dereva huyo kweli unaisha au una mlango mwaka huo. Kisha leseni, kama ni kijana. Kisha injini: timu inayonunua injini mara nyingi hupokea na dereva, kama Mercedes ilivyomweka Russell Williams kuanzia 2019 hadi 2021, na Ferrari ilivyompeleka Ollie Bearman Haas 2025. Wakati mwingine uhusiano huo hufunga milango. Ocon alikaa nje mwaka mzima wa 2019 akiwa mikononi mwa Mercedes, timu nyingine zikiogopa kumlea dereva ambaye angechukuliwa wakati wowote.

Fuata pia pesa za udhamini, hasa kwa timu za chini. Machi 2022 Haas ilipovunja mkataba na mdhamini wake mkuu wa Urusi, Nikita Mazepin aliondoka siku hiyohiyo, kwa kuwa viwili hivyo vilikuja pamoja. Kevin Magnussen akaitwa siku chache kabla ya mbio za kwanza na akamaliza wa 5 Bahrain.

Mwisho, soma tangazo lenyewe kwa makini. Likiwa na maneno ya dereva na mwaka wa mwisho wa mkataba, lina uzito. Likisema "miaka kadhaa" bila kutaja mwaka, jua kuna hiari humo ndani na mtu hataki uijue tarehe yake. Nalo likisema miaka miwili kwa herufi kubwa, kama la Pérez, bado halikuambii ni nani mwenye ufunguo wa kuondoka baada ya mmoja.